Mama Yake Olivia Hart

Hollywood, 3 Machi 1934

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, sijui wewe na magoti yako katika baridi hiyo. Habari kubwa: nimepata filamu, na safari hii sipiti nyuma na sinia kama mtumishi, mimi ndiye bibi harusi! Wamenipaka nywele rangi ya dhahabu, nyusi wamezinyoa zote. Jina langu sasa ni Olivia Hart. Usicheke. Kwako nabaki

Mwanao, Otilka

Wilber, Nebraska, 20 Mei 1934

Mwanangu Otilka,

Hujambo? Magoti yananiuma, ila bata bukini wangu wamenona. Jana jirani yetu Bi Kubík alikuja mbio na gazeti la sinema. "Ludmila, kaa chini," akasema, "umekufa!" Akanisomea: wazazi wa Olivia Hart walikuwa Waingereza matajiri, wakazama na meli. Tulicheka mpaka akashika mbavu. Alipoondoka kicheko kikaniisha. Baba yako alikuwa mkulima Mcheki, tena hodari. Na mimi bahari sijaiona hata siku moja. Nani aliyaandika hayo?

Mama yako

Hollywood, 9 Juni 1934

Mama mpendwa,

Pole na magoti. Waliyatunga watu wa studio. Nililia, wakaniambia, "Msichana wa shamba hauzi tiketi." Mkataba wangu ni wa miaka saba, nikikanusha, natupwa nje. Nivumilie. Nikishapata jina kubwa nitasema kweli.

Mwanao, Otilka

Wilber, 2 Novemba 1936

Otilka,

Natumaini u mzima. Sikukuarifu kwamba nakuja, nilitaka kukushtukiza. Nilipanda treni hadi huko, nikasimama nje ya jumba la sinema pamoja na umati, nyuma ya kamba. Uliposhuka garini sikukutambua, mpaka ulipocheka. Nikaita, "Otilka! Ni mimi!" Ukageuka. Uliniona, usiniambie hukuniona. Askari akakuuliza, "Unamfahamu bibi huyu?" Nawe ukasema, "Hapana. Maskini, amenifananisha."

Nimerudi salama. Usiniandikie.

Ludmila Hruska

Hollywood, 14 Februari 1939

Mama,

Sijui kama unazisoma barua zangu. Zaidi ya miaka miwili hujajibu hata moja. Sijitetei tena. Naomba jambo moja tu: Jumapili jioni, nenda kwa Bi Kubík ukasikilize redio.

Otilka

Wilber, 20 Februari 1939

Otilka wangu,

Hujambo, kipenzi changu? Nimesikia! Watu walijaa kwa Bi Kubík hadi mlangoni. Uliposema, "Mama yangu yu hai, anaitwa Ludmila Hruska, anafuga bata bukini, na mimi nilimkana mbele ya watu," wote wakanigeukia. Kisha Bi Kubík akanipiga bega: "Haya, umefufuka, mama wee! Kapike!"

Njoo nyumbani. Kitanda chako nimeshakitandika.

Mama yako

Hollywood, 15 Machi 1939

Mama mpendwa,

U hali gani? Nilidhani watanifukuza. Badala yake barua za mashabiki zimemiminika, na studio inashangilia! Ila wanasema uliwafungia mlango wapiga picha wao. Mkurugenzi amefoka: magazeti yanataka mama na binti wamekumbatiana. Picha moja tu, Mama. Halafu watanipa ruhusa nije.

Mwanao, Otilka

Wilber, 30 Aprili 1939

Otilka,

Salamu. Niliwafungia mlango kwa sababu walinitaka nilie katikati ya bata, kisha nilie tena, eti mara ya kwanza jua halikukaa vizuri. Mimi nilikuwa nakungoja wewe.

Leo Bi Kubík ameleta gazeti, akaliweka mezani bila neno, yeye ambaye hanyamazi hata kanisani. Nimeiona picha. Chini yake wameandika: "Olivia Hart na mama yake, Ludmila." Sijui yule bibi wamemkodi wapi. Ni mzuri kuliko mimi, na mtandio umemkaa vizuri. Umemlalia begani, umefumba macho, kama ulivyokuwa ukinilalia ulipokuwa na homa.

Una machozi mashavuni. Nimekwenda nayo dirishani, nikaitazama mpaka chai ikapoa, nijue kama ni machozi ya kweli au ya kazi. Mimi niliyekuzaa, nimeshindwa kujua.

Ludmila