Wamekuita Mama Pima

Mama,

Chebet amejifungua. Ni msichana. Nimelitanguliza hili kwa sababu ndilo ungetaka kulisikia kabla hata ya kuniuliza kama nimekula. Ni mtoto wa kwanza kuzaliwa upande wetu huu wa Langas tangu tulipokurudisha nyumbani Kabras, na tangu tumbo la Chebet lilipoanza kuonekana nilijua kuna chupa ya asali ya miwa inayosubiriwa, ile uliyokuwa unampikia kila mzazi wa mtaa atilie kwenye uji. Hakuna aliyenidai. Mama Chebet alisimama tu kwenye ua wa miiba ya kayaba, akanisalimu, akauliza habari ya kazi, akasema bintiye anakaribia, akanyamaza. Unamjua alivyo. Akinyamaza ndipo anasema mengi.

Kazi. Hata hilo hukulipata. Muda mfupi baada ya mazishi niliitwa ofisi ya chifu, nikapewa ukarani. Bado ni wa majaribio. Meza yangu iko karibu na mlango. Watu wakija nawauliza shida yao, na wale walioitwa na chifu natoka nje kwenye benchi nawaita kwa majina, mmoja mmoja, wanaitikia na kuingia. Ungeniona ungesema nimekaa kama mwalimu. Lakini wewe sikufichi: naogopa kila siku. Naogopa simu ikilia. Naogopa kukosea jina la mtu mzima mbele ya watu. Naogopa chifu akisema, "Karani, ingia ufunge mlango," hata kama anataka tu kuniuliza stapler iko wapi. Uoga huu sijui niliutoa kwa nani. Kwako haukutoka.

Na kuna jambo lingine ndani ya kazi hii. Wanaoletwa zaidi pale ni akina mama pima, wauzaji wa pombe haramu ya chang'aa. Wanaletwa na mitungi yao, na karibu kila mara, kando ya mitungi, kuna sukari nguru iliyofungwa kwa karatasi, au debe la maji ya miwa yaliyoanza kuchacha. Chifu amezoea kutuambia sisi wa ofisini, "Nikisikia mtu wangu anapika kitu kwake, asingoje nimfukuze. Ajiendee." Anasema akitabasamu, lakini hatanii. Basi kila nikiiwaza ile chupa ya Chebet, nilikuwa naiona sufuria yako imejaa maji ya miwa, imepangwa kando ya ile mitungi.

Nilitaka kuacha. Nakuambia ukweli. Nilijiambia Mama Chebet ataelewa, ni mtu mzima. Halafu Chebet akarudi kutoka hospitali, na asubuhi ya Jumamosi nikaona moshi ng'ambo ya ua, nikasikia harufu ya uji wa wimbi. Nikajua nikikaa tu hapa ndani, uji ule utanywewa kwa sukari ya dukani, na hapo ndipo wewe utakuwa umeondoka kabisa.

Nikaenda kwa Barasa pale sokoni. Bado anazungusha ile mashine yake ya kukamua miwa, na mdomo wake bado unazunguka kuliko gurudumu.

"Karani," akasema mbele ya wateja wote, "mtungi wote huo ni wa nini? Umeoa sufuria?"

"Nipe tu maji ya miwa. Usiweke tangawizi."

"Bila tangawizi? Hayo si ya kunywa. Hayo ni ya..." Akasimamisha gurudumu. Hakumaliza. Aliinama akachagua ile miwa myembamba myekundu uliyokuwa unaipenda, akaisugua na kitambaa mmoja mmoja, akakamua. Sijawahi kumwona Barasa akifanya kazi kimya. Wateja waliokuwa kwenye foleni hawakulalamika.

Sasa nikueleze nilivyopika, maana hapo ndipo niliharibu.

Wewe ulikuwa unapikia nje, kwenye mafiga matatu, katikati ya uwanja. Mtu akipita unamwita aonje povu limefika wapi. Mimi niliuhamishia moto ndani ya jiko la mabati, nikafunga mlango. Moshi ulikaa nami humo mpaka nikawa nachuja kwa kukisia. Lakini nilifuata kila kitu ulichonionyesha. Nilichuja kwa leso safi. Nilikamulia limau ili asali isije ikashika kuwa sukari. Povu la kijani lilipopanda nililitoa, likarudi, nikalitoa, na kila mara nilikusikia ukiilaumu Eldoret: "Huku juu maji yanachemka upesi kama mtu wa hasira, lakini hayaivishi kitu." Unakumbuka siku ile nilirudi kutoka shule nikakueleza habari ya mgandamizo wa hewa, na kwa nini maharagwe huku yanachelewa kuiva? Ulinisikiliza mpaka mwisho, umeshika mwiko, huku unatikisa kichwa kwa heshima. Kisha ukasema, "Basi mwambie huyo Mgandamizo alete kuni." Nilicheka peke yangu humo ndani, na machozi yakapata kisingizio cha moshi.

Povu jeupe lililofuata lilikuwa limeisha, mapovu madogo ya njano yameanza, wakati mabati yalipogongwa.

"Fungua."

Walikuwa maafisa wawili, mzee mmoja mrefu na msichana ambaye sare yake bado ilikuwa na mikunjo ya duka. Ni wageni, wameletwa juzi tu kwa huu msako wa chang'aa, na ofisini kwetu bado hawajafika, kwa hiyo hawakunijua. Na hata wangekuwa wananijua, nilivyokuwa nimejaa masizi wasingenitambua. Yule mzee aliangalia sufuria, akaangalia mlango uliokuwa umefungwa, akaniangalia mimi.

"Hii ni ya nani?"

Mama, nilisema, "Ni ya mama."

"Na mama yuko wapi?"

"Ametoka."

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Sikulitafuta. Lilikuwa pale mdomoni kama vile ulikuwa umekwenda tu kununua kiberiti. Na lilipotoka sikuweza kulirudisha, kwa sababu ili nilirudishe ingebidi niseme lile lingine, na lile lingine tangu mazishi sijalisema kwa kinywa changu hata mara moja. Watu wengine walilisema kwa niaba yangu. Mchungaji alilisema. Mjomba alilisema kwenye simu. Mimi nilikuwa naitikia kwa kichwa.

Yule mzee alivuta kigoda chako akakaa. "Sawa," akasema. "Tutamngoja."

Wakakungoja kweli. Mimi nikaendelea kukoroga, kwa sababu ningeacha ingeungua. Yule msichana alichovya kijiko, akaonja.

"Afande, hii ni tamu tu."

"Yote huanza na utamu. Iache ikae, uone itakavyokusalimia."

"Lakini ina limau."

"Basi ni ya wateja wenye pesa." Akanigeukia. "Anakuachia jiko, yeye anazunguka kutafuta watu, si ndio? Na wewe kijana mzima umekubali kupikishwa."

Mlango ulikuwa wazi sasa, na kutoka mahali niliposimama naona uwanja wote mpaka barabarani. Kila kivuli kikipita nakitazama. Mama, wale watu wa sare walikuwa wanakungoja kwa bidii, bila shaka yoyote kwamba utakuja, na pole pole na mimi nikaanza kukungoja. Nilijua na nikakungoja. Mwanamke mmoja alipita na kikapu, anatembea kama wewe, ule mguu wa kushoto unaochelewa kidogo, na mwiko wangu ukasimama ndani ya sufuria.

Aliyeingia ni Mama Chebet. Alikuwa amefuata moshi.

"Wageni, hamjaletewa hata maji?" akawaamkia. "Mnamngoja nani?"

"Mama wa hapa."

Alinitazama. Nilidhani atashangaa, au atanikemea mbele yao. Akawageukia wao. "Huyo ameenda kwao," akasema. "Leo harudi."

Hakusema uongo. Yule mzee akasimama, akajipangusa suruali. Akaniuliza jina lako, nami nikalitaja lote, kama lilivyoandikwa kwenye msalaba kule nyumbani. Wakamimina kidogo kwenye chupa ya soda wakaondoka nayo. Yule msichana ndiye aliyesema niachiwe nimalize, asali isiharibike. Na pale mlangoni mzee akasema, "Akirudi mwambie Jumatatu asubuhi afike kwa chifu. Asipokuja tutamfuata hukohuko kwao. Hawa mama pima ni mabingwa wa kujificha nyuma ya watoto."

Mama pima. Wewe. Wewe ambaye pombe ya busaa ya harusi ikikufikia ulikuwa unaipitisha kwa jirani bila hata kuinusa. Nilisikia kila herufi ya neno hilo, na bado sikufungua mdomo.

Mama Chebet hakuondoka. Alikaa kwenye kigoda mpaka mapovu yakawa makubwa na mazito, yanapasuka kwa uvivu. Nilidondosha tone kwenye sahani baridi, nikapitisha kidole, na njia ikabaki wazi, haikujifunga. Nikatoa kuni. Hapo ndipo aliponiuliza.

"Kwa nini ulifunga mlango?"

"Niliogopa wataona."

"Mama yako alipikia pale nje miaka yote. Hata hao wa ofisi yako walikuwa wakipita wanaomba kijiko. Wewe umejifungia, mtaa mzima unanusa miwa na hakuna anayemwona mpishi. Hata mimi ningeita askari." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na mimi nilipaswa kuwaambia neno lenyewe. Lilinikwama hapa." Akajishika koo.

Jioni nikampelekea Chebet chupa. Alikoroga kwenye uji, akanywa, akafikiri. "Ina moshi," akasema. "Ile ya mama yako haikuwa na moshi." Lakini alimaliza kikombe, akaomba kingine, na mtoto alikuwa amelala kifuani pake, ngumi zimefungwa. Nilimshika kidogo. Ni mwepesi kuliko nilivyodhani mtu anaweza kuwa.

Leo ni Jumapili. Nimetoka kanisani, akina mama wenzako wanakusalimu, yaani wamenisalimu mimi kwa muda mrefu kuliko kawaida. Tangu hapo nimekaa mezani na kalamu hii. Nimeifikiria kesho kwa kila upande, unajua ninavyofikiria mambo mpaka yanachakaa.

Nikinyamaza, hakuna atakayejua; ofisini walikuita Mama Wekesa tu, jina lako lote hawalijui. Afande ataleta chupa yake ya soda na jina, chifu ataniambia niite, nitatoka nje kwenye benchi niite, hakuna atakayeitikia. Nitarudi ndani niseme hayupo. Chifu atasema, "Amekimbia huyo," na tutaendelea na mwingine. Kazi yangu itabaki. Nitathibitishwa, nitapata kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, ile picha uliyokuwa unaitaka ya kuwaonyesha watu wa kanisani. Na wewe utabaki kwenye ofisi yetu kuwa mama pima aliyekimbia. Hutakuja kukanusha. Hilo ndilo linalonitisha, Mama, jinsi lilivyo rahisi. Marehemu habishi.

Nikisema, sijui. Pengine chifu ataonja ile chupa na kucheka. Pengine ataona karani wake amewadanganya maafisa, amepikia miwa ndani ya mabati na kufunga mlango, na atanionyesha njia ya kwenda. Ana haki yote. Nimejaribu kutafuta namna ya kusema bila kupoteza, nimetafuta tangu mchana, haipo.

Lakini nimeona kitu kimoja. Jana niliogopa askari, nikakutanguliza wewe. Wewe ambaye huwezi tena hata kuvuta pumzi, nilikuweka mbele yangu usimame badala yangu, kama nilivyokuwa nafanya nilipokuwa mdogo, mbwa wakibweka. Na ungekuwepo ungesimama, najua. Ungetoka na mwiko mkononi na kuwauliza wanataka nini kwa mtoto wako. Haiwezekani tena. Mtu mzima wa nyumba hii sasa ni mimi.

Basi naahidi hivi, na naandika ili nisiweze kugeuka kesho. Zamu yako ikifika nitatoka nje na kuliita jina lako lote, kwa sauti inayofika mwisho wa benchi, kwa heshima, kama ninavyowaita wazee. Kisha nitaitikia mimi. Nitaingia kwa chifu nisimame upande ule wanaosimama walioitwa, niseme kwamba mama yangu amefariki. Amefariki, Mama. Nimeliandika, na nimelisema kwa sauti sasa hivi hapa peke yangu, ili kesho lisinikwame. Nitasema sufuria ni yangu, miwa niliinunua mimi, na mtoto mwingine akizaliwa mtaani nitapika tena, nje, mchana, na yeye chifu akipita atakaribishwa kijiko.

Pumzika kwenu. Wakikuita kesho, usigeuke. Wananiita mimi.

Mwanao,
Wekesa