Gari ya Shabani Haipigi Tena Filimbi

Jumanne, 2 Mei 2000

Shabani amerudi saa tisa kutoka Bujumbura, na taksi yake. Amemaliza chai, ndipo akanieleza. Kumbe kule karibu na Gitaza risasi zililia mbele ya konvoi, ule musafara unaolindwa na askari kwa ajili ya waasi, magari yote yakasimama – yeye hakusikia! Upepo unaingia kwenye milango ya ile Pijo 404 ya marehemu baba yake, unapiga filimbi, fyuuu, horni yenyewe husikii. Aliona tu kamyo ya mizigo iliyo mbele imesimama. Akakanyaga breki. Ilibaki kidole kimoja aigonge. Kidole! Na ni mutoto wangu wa pekee.

Mimi ile filimbi naipenda. Naisikia tangu kona ya soko la samaki, najua mwanangu anafika, napakua. Hadija jirani anasema, Mama Shabani, gari yenu inalia kama birika. Wivu tu! Bwana wake ana baiskeli.

Jumatano, 3 Mei

Askari wamefunga barabara, konvoi haikutoka. Alhamdulillahi. Shabani ameanza kutengeneza milango. Anafungia kipande cha karatasi kwenye mulango, halafu anavuta. Ikitoka bila shida, upepo unapitia pale. Ikibanwa, pale iko sawa. Karatasi ni ya daftari hii – nimechana kurasa tatu nilizoandika habari za Hadija, hakuna hasara.

Mupira wa zamani, ule wa kuziba milango, umekauka, unavunjika kama biskuti. Jean-Pierre wa garaji anasema mupira wa gari kama ile haupatikani tena, hata Bujumbura. Shabani akacheka: nitakata wa ndani ya tairi ya baiskeli. Darasa la kumi tu, lakini kichwa cha injinia! Amekitoa kwetu, si kwa baba yake.

Ijumaa, 5 Mei

Amegundisha mupira mupya milango yote minne. Mugumu. Kwenye pembe karatasi bado inatoka. Alipokwenda kuswali nikaleta mafuta yangu ya mawese, yale mekundu ninayouza, nikapaka mupira wote, nikafuta wekundu usionekane. Ngozi kavu, kufuli kavu, kila kitu hapa Rumonge tunalainisha na mawese.

Akarudi, akavuta karatasi – ikachanika! Mama, umefanya nini? Nikamujibu: mukono wa mama. Siri yangu.

Tukaenda mpaka bandarini. Kimya! Nilisikia wavuvi wakitukanana huko majini. Hadija alikuwa kibarazani, mudomo wazi. Nikamupungia mukono kama muke wa waziri.

Jumatatu, 8 Mei

Asubuhi. Shabani ameondoka na konvoi ya saa mbili. Nyuma amemubeba Domitille wa mutaa wa juu, mimba ya miezi minane, daktari anamungojea Bujumbura. Mulango wa nyuma ulikataa kufunguka. Shabani akavuta kwa mikono miwili, ukaachia, mwaa, kama busu. Mama, umeziba mpaka umezidisha! Tulicheka sote. Domitille pia, ameshika tumbo.

Saa nne. Nimekuta kipande cha mupira kilichobaki, kwenye bakuli la mawese. Kimevimba. Kinanata kwenye vidole kama gundi.

Nimekipeleka mbio kwa Jean-Pierre. Hakucheka. Mafuta yanakula mupira, Mama Shabani. Jua likipiga, milango itashikana. Ulipaka mingapi?

Yote.

Akainama. Wakivuta kwa nguvu sana, akasema, mupira utachanika, watatoka. Wakipata muda wa kuvuta. Kila mutu wa barabara hii anajua: risasi zikilia, unafungua mulango, unakimbilia shamba la mihogo kujificha.

Vioo vinashuka. Shabani anaweza kupitia kwenye kioo. Domitille na lile tumbo – hapana. Na Shabani hatamuacha. Namujua. Mimi ndiye nilimulea hivyo.

Saa nane. Konvoi ya kutoka Bujumbura imefika. Sylvestre, shoferi wa basi, anasema risasi zililia Muhuta, katikati ya njia, watu walilala ndani ya mihogo, wengine hawakuamuka. Nikamuuliza habari za 404, rangi ya maziwa. Akajibu: Iko kando ya barabara, mama. Milango imefungwa. Nikamuuliza tena: kulikuwa na mutu ndani? Askari hawakuturuhusu kusimama.

Saa kumi. Niko kando ya barabara, nimekaa juu ya kidebe. Nimebeba kisu cha kukatia mupira – cha nini sijui. Daftari nimekuja nayo ili mikono ifanye kitu. Hadija amekuja, amekaa chini karibu yangu. Hana utani leo. Amenishika kanga tu.

Magari yaliyozuiwa Muhuta yameanza kurudishwa huku, moja moja. Kila moja linalotoka kwenye kona liko kimya, nasimama. Taksi ya mutu mwingine. Kamyo. Jipu ya askari. Nimezoea kumujua kwa filimbi, na filimbi niliiziba mimi.

Hadija ameniminya mukono. Anasema, sikiliza.

Kwenye kona ya soko la samaki. Gari bado haijatokea. Upepo wa ziwa, nimemwambia. Hapana, anasema, mama, hiyo ni birika. Mupira umechanika, basi walifungua!

Fyuuu –