Chemchemi Iliyoandikiwa Sifuri

Endasak, Hanang,
14 Oktoba 2024

Mpendwa Herman, mjukuu na mume wangu mdogo,

Marahaba. Najua umeniamkia huko Mtwara, hata kama sikusikia. Kifua kimepona? Unakula? Mimi magoti ndiyo yananitesa, kwingine mzima. Haya nayasema mimi, katekista Severine anaandika. Anataka kulainisha maneno yangu, nimemkataza.

Mahindi tumepata kidogo. Ng'ombe mwekundu amekufa.

Sasa sikia. Chemchemi tunayochota tangu mama yangu hajaolewa inachukuliwa. Mwekezaji wa kigeni anajenga kiwanda cha ngozi hapo chini, na ngozi inakunywa maji kuliko ng'ombe mwenyewe alipokuwa hai.

Tuliahidiwa kazi mia tatu. Mdogo wako Alfredi alikwenda kuomba, akaambiwa mashine moja inafanya kazi ya watu arobaini, arudi nyumbani.

Mwezi wa tano alikuja dada mmoja na makaratasi, mpole, akaniamkia vizuri. Akaniuliza, "Bibi, ungekuwa tayari kulipa shilingi ngapi kwa mwezi ili chemchemi hii ibaki?" Nikajua wanataka kutuletea bili ya maji. Nikamjibu, "Hata senti tano silipi. Mungu mwenyewe hajawahi kunidai." Akacheka, akaandika, nikaweka dole gumba. Nikakimbilia kwa jirani yetu Paskalina na nyumba nyingine, kuwaonya wajibu hivyo hivyo. Kitongoji kizima kikasema sifuri. Nikajiona mjanja!

Juzi mkutanoni wametusomea majibu aliyoandika yule dada: wananchi wenyewe hawaoni thamani ya chemchemi hiyo. Miti imepata bei ya fidia. Hata choo cha Paskalina kimepata bei. Maji, sifuri. Nikasimama nikasema tulidhani ni bili. Yule bwana aliyesoma akaniambia, "Bibi, dole lako hili hapa."

Paskalina hasemi nami tena. Simlaumu.

Pingamizi linapokelewa mpaka tarehe thelathini. Wewe umesoma, njoo uwaandikie kwa lugha yao kwamba tulikosea swali, si kwamba hatuyataki maji. Nauli ikikushinda, sema, niuze mbuzi. Usipokuja nitakwenda kukaa palepale penye maji, wazungushe uzio na mimi nikiwa ndani. Sitanii.

Baba yako mdogo Hilary na shangazi Fransiska wanakusalimu. Mbusu mwanao Tito, na mkeo Agatha mwambie namuombea.

Mungu akupe kiti cha dirishani na dereva asiye mlevi, maana najua utapanda basi.

Ni mimi ninayekupenda hata ukinyamaza,
Bibi yako Gaudensia