Kwa Nini Nilimwangusha Divin

Kikula, Likasi
18 Mei 2024

Mpendwa mdogo wangu Clotilde,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na nguvu, wewe na shemeji Osée na wote wa nyumbani hapo Kananga. Goti lako limepata nafuu? Binti yako Carmen amejifungua salama? Sisi huku tupo, tunamshukuru Mungu. Baridi ya asubuhi imeanza, umeme unakatika kama kawaida yake, na wifi yako Hélène anakohoa kidogo lakini hataki kusikia habari za daktari.

Anayekuletea barua hii ni jirani yetu Papy, anayepanda treni kuja Kasai kuona wazazi. Nimeamua kuandika kwa sababu simu zangu huzipokei tangu mwaka jana. Sikulaumu. Siku ile uliniambia mimi kaka yako, "Yaya, miye nilikupatia mutoto, na weye njo ulimuangusha," kisha ukakata. Ulisema kweli, nami sikupata nafasi ya kukujibu. Acha nikujibu leo, taratibu, halafu utapima mwenyewe.

Treni ya miaka ile mibaya, watu wa Kasai walipofukuzwa huku, ilipowachukua ninyi kwenda Kasai, mimi nilikuwa Kalemie kwenye meli za ziwa. Divin alipomaliza shule ukamtuma kwangu, nami nikamshusha kwenye chumba cha mashine akiwa hajui hata kushika spana. Alijifunza haraka kuliko mimi. Nilipostaafu na kurudi hapa Likasi, nilimwacha akiwa msaidizi wa mhandisi mkuu. Ilibaki ngazi moja tu, mtihani wa mdomo wa kuwa chef mécanicien, mhandisi mkuu mwenyewe, mtu anayebeba dhamana ya mashine zote za meli na ya watu wanaozihudumia huko chini.

Mwaka jana tume ya mtihani ilikuwa ya watu watatu. Mmoja akaugua, wakaniita mimi nirudi Kalemie. Niliwaambia mbele ya wote kwamba kijana huyu ni mtoto wa dada yangu. Nahodha Casimir, aliyeongoza tume, alisema hakuna mwingine wa karibu mwenye cheti, basi nibaki, ila nisimuulize Divin neno lolote. Nikakubali. Mpaka leo najiuliza kama nilipaswa kupanda gari palepale na kurudi nyumbani.

Clotilde, laiti ungemwona mwanao siku ile. Shati jeupe, mikono imetulia juu ya magoti. Walimuuliza juu ya mafuta ya kulainisha mashine, maji ya kupoza, hewa ya kuwashia, akajibu yote bila kutafuta maneno. Nilikuwa nimeinamisha kichwa ili wasione ninavyotabasamu.

Kisha Casimir akamwambia: moto umeshika chumba cha mashine, mmejaribu kuuzima kwa mitungi ya mkononi mmeshindwa, wewe ndiye mkuu, unafanya nini? Divin akasema atapiga king'ora, atakata mafuta, atazima feni, atafunga milango yote, kisha atafungua gesi ya kuzimia moto. Casimir akamuuliza kama hakuna kitu kingine cha kufanya kabla ya kufungua gesi. Divin akafikiri. Akasema atamjulisha nahodha. Casimir akamuuliza tena, polepole zaidi, kama mtu anayemsogezea mwenzake kiti. Hapo Divin akanitazama.

Gesi ile inaua moto kwa kuondoa hewa. Mtu aliyebaki ndani hawezi kupumua. Kabla ya kuifungua lazima uwaite watu wako mmoja mmoja mpaka kila mmoja aitike akiwa nje. Jibu lilikuwa hilo tu. Nilikuwa nalo mdomoni, na yeye yuko mbele yangu, karibu kiasi cha kumgusa. Nikaangalia meza.

Alipotoka nje, yule mwenzetu wa tatu alisema tumpitishe, kwamba ni woga wa mtihani tu, jambo lenyewe analijua. Huenda ni kweli. Casimir alinigeukia akasema, "Wewe ndiye uliyemlea kazini. Tukimpa, utalala?"

Nikasema, "Asipite. Arudi tena."

Ni hayo tu niliyosema. Sikusukumwa na mtu. Niliwawaza watu kama Mzee Elie, anayetia mashine mafuta kwenye meli ya Divin, na vijana wanaoshuka naye kila zamu. Na wao wana mama zao. Nilijua pia kwamba meli mpya ilikuwa inamsubiri Divin, na kwamba asipopita atapewa mtu mwingine. Ikawa hivyo. Nililijua hilo, na bado nikasema.

Divin hakuniaga. Nilirudi Likasi, Hélène akanifungulia mlango, akanitazama usoni, akaenda kupika bila kuuliza. Ndiye aliyenivumilia miezi ile. Wewe kimya, mtoto kimya.

Mwezi wa pili mwaka huu, Divin akatokea hapa bila kutuarifu, na mfuko wa ndakala, dagaa wakavu wa ziwani, mkononi. Alikula bukari, ugali wetu wa huku, akamsifu wifi yako kwa sombe ya majani ya muhogo, mimi hakunisemesha. Siku iliyofuata nilikuwa nyuma ya nyumba natengeneza bomba, akaja akachuchumaa kando yangu. Akanieleza jambo ambalo wewe hukuambiwa, kwa sababu hakutaka kukutia hofu. Nimemwomba ruhusa nikuandikie, akakubali.

Baada ya mtihani ule, siku moja walikuwa katikati ya ziwa. Moshi ukajaa chini, mweusi, na mkuu wake alikuwa amelala mgonjwa. Divin akawatoa watu, akazima feni, akafunga mlango mmoja, akashika wa pili. Anasema hapo mkono ulikataa. Alinikumbuka pale mezani, na hasira ikampanda upya. Kwa hasira hiyohiyo akaanza kuita majina. Wote wakaitika isipokuwa Elie. Mzee alikuwa nyuma ya tangi, masikio yameziba kwa kelele, hajui lolote. Divin akajifunga usoni kitambaa kilicholowa, akashuka, akamtoa kwa kumshika mkanda. Moto wenyewe ulikuwa vitambaa vyenye mafuta juu ya bomba lenye joto kali, wakauzima kwa mitungi ya mkononi. Gesi haikuhitajika. Lakini anasema baadaye alikaa kwenye ngazi, na Elie anamuuliza kwa nini analia.

Nilifikiri amekuja kunishukuru. Hapana. Aliniuliza, "Mjomba, kama ningekuwa mutoto wa muntu mwingine, ungesema vile?"

Nilishusha spana chini. Nikamwambia, "Wa muntu mwingine, pengine ningenyamaza, Casimir aamue. Weye, sikuweza."

Divin akachukua spana, akamalizia kulikaza lile bomba. Mpaka leo sijui kama jibu langu lilimponya au lilimuumiza.

Mwezi uliopita alirudi mbele ya tume, safari hii watu wengine kabisa. Mimi nilibaki hapa, nikaenda misa ya asubuhi, nikarudi kumsaidia Hélène kumenya muhogo, na nadhani niliuharibu wote. Alipopiga simu kusema amepita, ulikuwa umeshasikia kabla yangu, na ndivyo inavyofaa. Wamempa meli ya zamani ya mizigo. Anasema inavuja kila mahali. Lakini alinitajia watu wake wote wa chini kwa majina, na mitaa wanayokaa.

Sikuombi useme nilifanya vyema. Ile meli mpya aliikosa kwa sababu yangu, hilo halifutiki. Ila binti yangu Laure anafunga ndoa mwezi wa nane hapa parokiani, na Divin amepata ruhusa ya kazini. Njoo, Clotilde. Hélène ameshatenga chumba. Kama hasira bado unayo, njoo nayo, itakaa mezani pamoja nasi.

Msalimie sana Osée, mbusu Carmen na mtoto wake, na jirani yenu Georgette umwambie namkumbuka. Mungu wa baba yetu na mama yetu awafunike usiku na mchana.

Ni mimi kaka yako, niliyekupenda tangu ulipokuwa mgongoni mwa mama,

Octave