Siku Niliyoijibu Redio

Mjukuu wangu Neema,

Huku Mkonze tuko salama, bibi yako anavuna karanga na anakusalimu sana. Unauliza kama uwafungie wanafunzi wako lile kundi la kwenye simu, ambamo hata wale wenye aibu darasani hujibu maswali yako, maana walimu wenzako wanalicheka.

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa nchini, nilikuwa kijana mwenye aibu, darasa la watu wazima nakaa nyuma, kimya. Mwalimu akaleta redio yenye masomo. Redio ikauliza swali, ikanyamaza ili tujibu. Mimi huyo nikajibu kwa sauti!

"We bwana, redio inakusikia?" mwenzangu mmoja akauliza. Darasa likacheka.

"Nimemsikia mimi," mwalimu akasema, "na amepatia."

Kesho yake nilinyoosha mkono kumjibu mwalimu mwenyewe, redio ikiwa imezimwa.

Usilifunge, mwalimu wangu. Najivunia wewe.

Babu yako