Baba, Nyumbani Kumetulia Mno

Mpendwa baba mkwe,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini hata nikija kaburini kwako kung'oa majani siwezi kuanza kazi kabla sijakuamkia. Ni mimi, mke wa Deo, yule mliyemtoa Biharamulo akiwa hajui hata kuomba chumvi kwa Kihangaza. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichotukutanisha, wewe na Kihangaza chako, mimi na Kisubi changu. Na barua hii naiacha wazi wasome na wengine, maana jambo lenyewe naamini limo katika nyumba nyingi.

Jambo ni mwanao. Tangu tukuzike, Deo hasemi. Hajanuna wala hagombani na mtu. Analima, anakula, akiulizwa anajibu, Jumapili anavaa shati lake na kwenda kanisani. Majirani hapa Mabawe wananipongeza: "Mumeo ametulia, Mungu amemtia nguvu." Mimi ninayekaa naye naona mtu anayeondoka kidogo kidogo huku amekaa palepale kwenye kiti chake. Naogopa, baba. Naogopa siku moja nitabaki na mwanamume aliyetulia kabisa, ambaye si wangu tena wala si baba wa Adela.

Ndiyo maana siku hizi nakumbuka sana yale maono uliyoyapenda.

Unakumbuka jioni ile jumuiya ya kanisa ilipokutana nyumbani kwetu? Nilikuwa bibi harusi wa juzi tu. Wewe ulikuwa katekista wa kigango, ukasema msichana wa Biharamulo amekwenda shule, apewe yeye somo. Nikasimama, nikafungua Biblia pale ulipoweka alama, nikaanza kwa sauti nzuri: "Somo kutoka katika kitabu cha nabii..." Nikakwama. Jina la nabii yule ndilo jina lako, na nyumbani kwetu nilifundishwa kwamba mke hataji jina la baba mkwe wake, hata nyumba ikiungua. Hata leo siliandiki hapa. Wenye Biblia watalipata wenyewe. Akina mama walikwisha kuelewa, wakawa wanachekea ndani ya vitenge. Wewe ulikuwa umekaa kwenye kona, umenipa mgongo kwa heshima, ukasema bila kugeuka, "Mtaje tu, mama. Huyo nabii hana mtoto aliyekuoa."

Nikashindwa. Nikasema, "Somo kutoka kwa nabii mwenzake baba."

Jumuiya nzima iliangua kicheko, na mimi nikasoma somo zima jasho likinitoka. Tangu siku hiyo nabii yule alipoteza jina katika kigango chetu. Hata paroko alipokuja kutembelea alisimama mbele akatangaza kwamba leo tutamsikia mwenzake baba.

Somo lenyewe lilikuwa la farasi. Nabii aliona mtu amepanda farasi mwekundu, amesimama bondeni katikati ya miti, na nyuma yake farasi wengine, wekundu na weupe. Mzee mmoja akauliza farasi ni mnyama wa namna gani, maana humo ndani hakuna aliyewahi kumwona. Ukafikiri kidogo, ukasema ni ng'ombe asiye na pembe mwenye mwendo wa pikipiki. Nilicheka moyoni, lakini mpaka leo nikisikia somo lile naona ng'ombe wa kwetu, wamesimama bondeni chini ya migomba, na malaika juu ya migongo yao.

Ukatueleza kwamba wale wapanda farasi walikuwa wametumwa kuzunguka dunia na kutazama. Watoto waliogopa. Wakadhani Mungu ana mgambo wanaopita mlango kwa mlango kutafuta wenye makosa. Ukawaambia wafikirie mchungaji anapohesabu ng'ombe jioni: hatafuti wa kumchapa, anatafuta aliyekosekana. Macho ya Mungu ni ya namna hiyo, ukasema. Sikuwa nimewahi kumsikia mtu akimweleza Mungu hivyo. Kwetu nilikulia kwenye hofu, nikiamini kwamba Mungu ananitazama hasa ninapodokoa nyama jikoni.

Miaka iliyofuata ndiyo iliyonifanya nikupende kama baba aliyenizaa. Tulizika watoto wawili kabla Adela hajaja, wote wachanga. Baada ya yule wa pili nilijikaza. Niliteka maji, nilipika, niliwaamkia wageni, na watu wakasifu: mke wa Deo ametulia. Mama mkwe alikuwa amekwisha kutangulia, na sikuwa na mwanamke wa kumwegemea hapa nyumbani. Wewe na mimi hatukuwa watu wa kukaa tukatazamana. Ukitaka kuniambia jambo ulikuwa unazungumza na kuku. "Kuku, hivi leo humu ndani kuna chai?" Na mimi nilikuwa namjibu kuku.

Jumuiya ilipokutana tena ukarudia somo la farasi. Safari hii ulikwenda mpaka mwisho. Wale wapanda farasi walirudi na kutoa taarifa kwamba wamezunguka dunia yote na kote kumetulia. Ukatuuliza kama hiyo si habari njema. Tukasema ndiyo, ni njema. Ukatikisa kichwa. Ukasema malaika aliyesimama pale hakuikubali, kwa sababu alijua Yerusalemu ni magofu na watu wake wana majeraha, na utulivu ule ulikuwa wa watu waliochoka kulia. Akamgeukia Mungu mwenyewe akamuuliza: mpaka lini? Na Mungu hakumkemea. Alimjibu kwa maneno mema, maneno ya kufariji. "Mungu anapotutazama," ukasema, "haishii kwenye taarifa kwamba tumetulia."

Hukunitazama uliposema hayo. Lakini asubuhi yake ulisimama nje ya jiko, ukamwambia kuku, "Mwambie mama kulia si kumkosea Mungu adabu." Ukachukua jembe ukaenda zako shambani, mbali, ili nisione haya. Nililia mpaka sufuria ya maharage ikaungua. Hukuuliza kwa nini mchana ule tulikula viazi.

Sasa umelala chini ya migomba yako, na hakuna wa kusema na kuku.

Siku uliyofariki, Deo alikuwa kwenye kazi ya ujenzi huko Biharamulo. Tulipompigia simu kwamba hali yako imebadilika, alipanda pikipiki saa ileile, na mvua ikamkuta Nyakahura. Alipofika tulikuwa tumekwisha kukufunika. Kwenye mazishi baba mkubwa aliwaambia watu kwamba umekwenda kwa amani na hukumsumbua mtu. Deo alisikia hayo, akainamisha kichwa, na hakuniuliza kitu. Mimi ndiye niliyekuwa nimekushika mkono. Lakini kila nilipoanza kuitaja siku ile, alinyanyuka na kutoka nje, na mimi nikawa naacha nikidhani muda utamlainisha.

Juzi nilichoka kungoja. Adela alikuwa shule. Nilimfuata mwanao shambani alipokuwa anapunguza majani ya migomba, nikasimama mbele yake na sikumpa njia. Nikamuuliza, "Mpaka lini, Deo?"

Akaendelea kukata jani ambalo lilikuwa limekwisha kukatika. Kisha akasema, taratibu, bila kuniangalia, "Baba aliniulizia?"

"Alikuulizia."

"Alisema nimechelewa."

Baba, nilielewa wakati ule alichokuwa anakibeba. Miezi yote hiyo mwanao aliamini kwamba ulikufa ukimhesabia saa. Nikamwambia yote kama yalivyokuwa. Kwamba mchana kutwa ulikuwa unauliza amefika wapi, nami nasema yuko njiani. Kwamba ulisikia mvua kwenye bati ukaacha kuuliza hilo, ukaanza kuuliza jingine. Ulinigeukia ukanitazama usoni, wewe ambaye hukuwahi, ukasema, "Ana koti la mvua?" Nikasema analo, ingawa sikujua. Ukasema, "Mwambie asikimbize pikipiki. Mimi nipo."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yako ya mwisho, na nilimkabidhi mwenyewe.

Deo alikaa chini palepale kwenye majani. Panga likamtoka mkononi. "Sikuwa na koti," akasema. Akalirudia, "Sikuwa na koti, baba," akisema na wewe wala si na mimi, kisha akalia. Hakulia kama wanaume wanavyolia kwetu, kwa kufuta jicho moja. Alilia kwa sauti, kama mtoto aliyepotea sokoni halafu akaonwa. Nilikaa pembeni yake, nikamshika mgongo, nikamwacha.

Nadhani sasa naelewa zaidi ulichotufundisha. Ulikuwa unakufa na macho yako yako barabarani, yanamlinda mtu asiyekuona na aliyedhani unamhukumu. Kama mzee wa Mabawe anaweza kutazama hivyo, Mungu anatutazama kwa kiasi gani? Sijui kulieleza vizuri kuliko hapo, mimi si katekista. Najua tu kwamba nimeacha kuogopa.

Pumzika, baba. Deo hajapona, ila ameanza kusema: jana alimsimulia Adela jinsi ulivyokuwa unamtania yeye, Deo, kwa miguu yake mirefu. Sisi tupo, na mahali ulipo tuombee, nasi tutakuombea hapa.

Nisije nikasahau kukwambia: wakati Deo analia, jirani alikuja mbio mpaka kwenye mpaka wa shamba, amejifunga kitenge vibaya, akaita, "Mama Adela! Kuna nini huko? Kuna msiba?"

Nikamjibu, "Ndiyo. Baba yake Deo amefariki."

Ni mimi mkwe wako,
mama Adela.