Askari Niliyemsogeza

Ghorofa ya pili, juu ya duka la saa,
Jumatatu, tarehe 9, mwezi wa pili.

Mpendwa mjukuu wangu Kidomo, mke mwenzangu,

Hujambo? Mumeo hajambo? Pacha wameshaota meno au bado wanatafuna kwa ufizi kama mimi? Kile kikohozi chako kimekwisha? Usiniandikie "mzima tu" kama karani. Kama hujaenda hospitali, nenda, acha ubishi. Mimi sijambo. Goti la kulia linaniuma, la kushoto linamcheka mwenzake.

Anayeandika ni jirani yetu fundi cherehani, maana mimi shule niliiona kwa nje, nikipita. Nimemwambia aandike ninavyosema, asipambe. Mapambo akayashone kwenye magauni.

Barua uliyotuma baada ya mazishi ya babu yako imenikosesha raha. Umesema unajilaumu kwa ule utani wako: "Babu, umezeeka, fumbo hili lina mlango wa nyuma." Umesema ndio uliomvunja moyo. Kidomo, nisikilize. Si wewe. Ni mimi.

Unakumbuka mambo yake. Anapanda kutoka dukani amechoshwa na saa za watu, anakaa kwenye meza ya dirishani, anapanga sataranji peke yake. Nilikuwa nikimcheka: vita gani hivi, adui mwenyewe hayupo? Akanijibu kwamba hachezi, anatunga. Anazipanga kete ili mfalme mweusi auawe kwa hatua tatu, na njia iwe moja tu. Zikiwa mbili, fumbo limeoza, la kutupa. Lile la mwisho alilitunga miezi minne, kwa ajili yako. Kugusa ubao kulikuwa marufuku.

Siku alipokwenda kupasuliwa jicho, nikafuta vumbi. Mimi na vumbi hatupatani. Kitambaa kikamkumba askari mmoja mweusi, akadondoka chini ya kiti. Nikamwokota, nikamrudisha palepale. Nilidhani ni palepale. Moyo ulinigonga kidogo, nikauambia nyamaza, viraba vyote vinafanana.

Babu yako alirudi na bandeji, jicho lililobaki haoni vizuri, na kwa pupa ya kukutumia hakungoja ifunguliwe. Akamwomba jirani achore kilichopo ubaoni, mchoro ukaja kwako. Na wewe ukaona njia ya pili, ukajibu kwa utani wako ule.

Jibu lako lilifika bandeji imeshatoka, akalisoma kwa macho yake. Akasema, "Askari huyu alitakiwa awe kiraba kimoja kushoto, aizibie ngome njia. Leo najua. Siku ile mkono wangu ulimweka wapi?" Jirani akaapa kwamba alichora alichokiona. Ndipo babu yako akasema, "Basi imeanza."

Kaka yake alianza hivyohivyo, kwa vitu vidogo, akaishia kuwauliza watoto wake wao ni nani. Babu yako akazikusanya kete, akafunga sanduku. Nikamwambia akutumie masahihisho. Akasema mtu asiyejua mkono wake umeweka nini hana haki ya kuwatega wenzake.

Na mimi nimesimama pale, birika mkononi.

Kwa nini sikusema? Miaka hamsini nilimwambia mwanamume yule kila kitu, hata kwamba miguu yake inanuka na dada yake hana adabu. Hili dogo likanishinda. Mwanzo niliogopa ugomvi tu. Nikasema kesho. Kesho ikawa wiki, na kila nilivyochelewa ndivyo lilivyozidi kuwa kubwa. Akaanza kuandika kwenye karatasi mahali anapoweka funguo. Nilimsikia akiyataja majina yenu, wajukuu wote, mmoja mmoja, kwa kunong'ona, akijipima. Hakukosea hata moja. Bado nikanyamaza. Kisha kifua kikambana, siku tano, basi. Ameondoka akiamini akili zimemtoka, na zilikuwa timamu kuliko zangu.

Fundi cherehani ameweka kalamu chini, ananitazama. "Kumbe ni wewe, bibi? Miezi yote hii nalala nikidhani nilichora vibaya!" Nimemwambia aandike na hilo. Amenuna, na ana haki, lakini anaandika.

Kwa hiyo mzigo wangu usiubebe wewe. Utani wako aliupenda. Barua zako alikuwa akizisoma dukani, wateja wanangoja, anacheka peke yake.

Mama yako mdogo anakusalimu sana. Binamu yako kinyozi naye anakusalimu, ingawa anasema umemsahau. Nibusie pacha, na mwambie mumeo namkumbuka. Mungu awafunike nyote kwa afya na amani, na awape usingizi mnono kuliko ninaoupata mimi.

Sasa ichukue ile karatasi ya mchoro. Askari mweusi aliye karibu na mfalme, msogeze kiraba kimoja kushoto, kisha ulifumbue. Hatua zenyewe usinieleze, sitazielewa hata ukiniimbia. Niambie kitu kimoja tu: lilikuwa zuri?

Wako akupendaye hata akikukaripia,
Bibi